Nilivyoanza kuandika hadithi nikiwa na miaka 45

Cheo changu kwenye barua ya ajira ni katibu mahsusi, lakini kazini wote wananiita Mama Taipu, ingawa mashine ya taipu iliondoka zamani na sasa tunachapa kwenye kompyuta. Nafanya kazi mahakama ya mwanzo, wilaya ya Muheza. Hakimu huandika mwenendo wa shauri kwa mkono, na mtu akitaka kukata rufaa au akihitaji nakala, jalada linaletwa mezani kwangu. Asubuhi hadi jioni nasoma habari za watu: mke aliyerudi kwao na godoro, mbuzi aliyekula mahindi ya jirani, ndugu wa tumbo moja wasiosalimiana kwa sababu ya kiwanja cha marehemu baba yao. Tulipokuwa tunasomea uhazili Tabora tulifundishwa kuchapa bila kusoma, jicho lipite na kidole kifuate. Hilo peke yake lilinishinda.

Hadithi nilizipenda tangu mdogo. Nyumbani tulikuwa na redio moja, na kipindi cha Mama na Mwana cha Redio Tanzania kikianza, hata aliyekuwa akiosha vyombo aliacha sufuria na masizi yake akaja kusikiliza. Lakini kupenda kusikia ni jambo moja, kuthubutu kuandika ni jingine. Niliolewa, nikazaa, nikauguza mama mkwe, nikajenga vyumba viwili kwa mkopo wa mshahara. Mtoto wa mwisho alipokwenda bweni kuanza kidato cha tano, ndipo nyumba ilipopata nafasi na mimi nikapata usiku wangu. Nilikuwa na miaka 45. Nikanunua kaunta buku nene, nikaificha kabatini chini ya vitenge.

Niliificha kwa aibu. Mtu mzima, mke wa watu, mtumishi wa serikali, eti ameanza kutunga hadithi! Shoga yangu wa masjala alipoliona siku moja kwenye mkoba alicheka mpaka machozi yakamtoka. "Shoga, wewe na vitabu? Si ungefuga kuku tu?" Hakuwa na nia mbaya, na kuku kweli wana faida ya haraka. Mume wangu yeye aliuliza swali moja tu, kwa upole: "Kwani watakulipa?" Nikamjibu sijui. Akarudi kwenye taarifa yake ya habari.

Hayo ya watu yalivumilika. Yasiyovumilika yalikuwa ya kichwani mwangu. Nikikaa mezani baada ya isha, kabla sijamaliza mstari wa pili, inakuja sauti: nani amekutuma? Waandishi ni watu wa chuo kikuu, wewe umeishia kidato cha nne na cheti cha uhazili. Umechelewa, wenzako walianza wakiwa vijana. Halafu ya mwisho, ambayo ndiyo iliyokuwa inanimaliza: huna la kusema, maneno yote uliyonayo ni ya majalada ya watu.

Kuna waliojaribu kunipa moyo kwa mifano ya wakubwa. Niseme ukweli, mifano hiyo hainisaidii kama watu wanavyodhani. Huku Tanga ukitaja kuandika, jina la kwanza utakalotajiwa ni Shaaban Robert. Haya, Shaaban Robert alikuwa karani wa forodha, na mimi ni karani wa aina yangu, hapo nikafurahi kidogo. Kisha nikapiga hesabu: alizaliwa 1909, akafariki 1962. Akiwa na umri wangu alikuwa ameshaandika mzigo wa vitabu na hakubakiwa na miaka mingi ya kuishi. Nikazidi kunywea. Abdulrazak Gurnah alipopewa Nobel mwaka 2021 nilishangilia kama mtu aliyeshinda yeye, maana ni mtoto wa Unguja, lakini riwaya yake ya kwanza ilitoka 1987, kabla hajafika 40. Aliyenipa nafuu kidogo ni Mohamed Said Abdulla, yule aliyetuletea Bwana Msa, mpelelezi wa hadithini. Alizaliwa 1918, akafanya kazi ya ukaguzi wa afya, akahariri magazeti, na hadithi yake ya kwanza ya Bwana Msa ikashinda mashindano ya 1957 hadi 1958, anakaribia miaka 40 au ameifika. Huyo angalau alikuwa na kazi nyingine kabla. Lakini hata yeye, usiku, mbele ya ukurasa mweupe, hakuja kunisaidia.

Kilichonisaidia kilikuwa mezani kwangu siku zote. Nilikuwa nachapa mwenendo wa kesi ya ng'ombe walioingia shambani. Shahidi wa kwanza wa mdai, SM1, ni mkulima, mzee wa miaka zaidi ya 60. Hakimu ameandika kama kawaida: jina, umri, dini, kazi, anapoishi, anaapa, anasema. Nikaona kitu ambacho nilikuwa nimekipita miaka yote. Pale hakuna mahali pa kuandika shahidi amesoma mpaka darasa la ngapi. Hakuna anayemuuliza ametumwa na nani. Anachoulizwa, akianza kupotea kwenye habari za kuambiwa, ni hili: "Hilo uliliona wewe mwenyewe?" Akiliona, analisema, na mahakama nzima inanyamaza kumsikiliza, hata kama kandambili zake zimefungwa kwa waya. Mzee yule alisema aliona ng'ombe wa mdaiwa anatoka shambani asubuhi "mabua yananing'inia mdomoni, na mkia una umande". Mkia una umande! Mtu wa chuo kikuu angeandika nini zaidi ya hapo?

Basi nikajiwekea sharti. Nisiandike chochote ambacho sikukiona au sikukisikia kwa masikio yangu. Hadithi ni ya kutunga, sawa, mtu wake hayupo na tukio lake halikutokea, lakini mkono wa mtu huyo, kiti chake, namna anavyofunga kanga, lazima niwe nimeviona mahali. Na sharti la pili, ambalo halina mjadala: hakuna kesi ya mtu itakayotoka ofisini kuingia kwenye kaunta buku langu. Watu wa Muheza wanajuana. Mtu akisoma hadithi akamkuta dada yake ndani, hapo si uandishi tena, ni umbea wenye jalada.

Sharti la pili lilinilazimisha kutoka nje kutafuta. Nilianza kushuka stendi nusu saa kabla ya kwenda kazini. Muheza ni mji wa machungwa, basi likisimama tu vijana wanalizunguka na ndoo. Nilikuwa nimewaona maisha yangu yote na sikuwahi kuwatazama. Kijana anashika kisu kifupi, chungwa analizungusha yeye, kisu kinakaa palepale, na ganda linashuka utepe mmoja mwembamba bila kukatika mpaka chungwa linabaki jeupe kama yai. Anakata kifuniko juu, hakimalizi, anakiacha kimeshikilia upande mmoja ili vumbi lisiingie. Macho yake wakati wote yako dirishani kwa abiria, hayako kwenye kisu. Dereva akianza kuondoa gari, kijana anakimbia nalo, mkono mmoja unapokea pesa, mwingine unatafuta chenji mfukoni, na hapo ndipo utajua tabia ya mtu: wapo wanaoipata chenji, na wapo ambao mfuko wao ni mrefu mno mpaka basi limeshika barabara ya Segera. Niliandika kurasa za hayo tu, bila hadithi. Sauti ya "huna la kusema" ikakosa pa kushika, maana nilikuwa nasema.

Sikusema vizuri, lakini. Hilo nililijua kwa mtu mwingine. Mahakama yetu ilikuwa na wazee wa baraza waliokaa na hakimu kusikiliza kesi, na mmoja wao alikuwa mwalimu mstaafu, alifundisha Kiswahili shule za msingi hadi alipostaafu. Ndiye mtu wa kwanza niliyemwonyesha hadithi nzima. Ilihusu cherehani iliyoachwa na marehemu, na shangazi aliyetaka kuichukua. Nilimpa Ijumaa mchana, nikajuta kabla hajafika getini. Jumatatu aliniita chini ya mwembe.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Kaa hapa. Nimesoma."

Nikakaa. Alivaa miwani, akatoa karatasi zangu kwenye bahasha ya kaki, akaniwekea kidole kwenye ukurasa wa kwanza. Niliandika: "Shangazi alikuwa mwanamke mchoyo na mwenye roho mbaya."

"Hapa umetoa hukumu," akasema, "na shahidi hata mmoja hajapanda kizimbani. Mimi msomaji nimekaa barazani, nataka kusikia ushahidi. Niache niamue mwenyewe kama ni mchoyo."

Nilirudi nyumbani nikakaa na sentensi ile mpaka umeme ukakatika. Shangazi mchoyo anafanya nini? Nikakumbuka mama mmoja wa utotoni kwetu, jikoni kwake. Nikaandika kwa tochi ya simu: "Shangazi alihesabu vipande vya nyama ndani ya sufuria, akafunika, kisha akafunua akahesabu tena." Ule usiku nililala vizuri. Nilijua kwamba sentensi hii imeipita ile, na kwamba aliyeiandika ni mimi. Tangu hapo nikiwa na wasiwasi naupeleka kwenye mstari: huu mstari una ushahidi au una hukumu? Swali hilo lina jibu. "Wewe ni mwandishi kweli?" halina jibu, na nimeacha kulijibu.

Shida yangu nyingine ilikuwa lugha ya ofisi, imenikaa kwenye mifupa. Wahusika wangu walikuwa "wanadai kwamba", "wanaieleza mahakama" hata wakiongea na bibi yao, na mtoto mmoja aliyeanguka kutoka kwenye mti alikuwa "mlalamikaji". Dawa yake ilikuwa kusoma kwa sauti. Nilimsomea jirani yangu fundi cherehani huku anashona, na yeye hakuwa na adabu kabisa, ikichosha alikanyaga mashine nisisikike. Nilijifunza mengi kwa ile cherehani kuliko kwa mtu yeyote mwenye shahada.

Hadithi ya shangazi nilituma kwa wachapishaji. Mmoja hakujibu mpaka leo. Mwingine alijibu kwa mstari mmoja kwamba haiendani na mahitaji yao, na nilikaa wiki nzima bila kugusa kaunta buku, nikimpikia mume wangu vyakula vya sikukuu ili mikono iwe na kazi. Baadaye sana ikaombwa na watu waliokuwa wanakusanya hadithi fupi za kitabu cha ziada cha shule. Malipo yalitosha kununua gunia la mchele na nakala nilizogawa kwa ndugu. Mume wangu akasema, "Kumbe wanalipa." Kwenye mkeka wa msiba, wanawake watatu kwa nyakati tofauti wamenivuta pembeni kuniuliza kwa nini nimewaandika. Wote watatu wanajijua wanahesabu nyama. Hakuna hata mmoja kati yao niliyemfikiria.

Washindi wa kwanza wa Tuzo ya Taifa ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu walipotangazwa Aprili 13, 2023, nilifuatilia kwenye simu nikiwa kazini. Vipengele vilikuwa riwaya na ushairi. Ushairi sina kipaji nao, na riwaya sikuwa nayo. Jioni ile nikafungua kaunta buku jipya, na hili silifichi, liko juu ya meza ya chakula, lina alama ya kikombe.

Riwaya ni kazi ngumu kuliko nilivyodhani. Ile sauti ya usiku inakuja bado, na nimeshaijua saa zake: inakuja nikiwa nimechoka, inakuja nikisoma kazi ya mtu hodari, inakuja siku ya mshahara nikiangalia kilichobaki. Siku hizo situngi kitu kipya. Nanakili kwa usafi ukurasa wa jana, kazi ya mikono tu, kama ninavyofanya ofisini, na mara nyingi nikifika chini ya ukurasa mkono umeshaanza kuandika sentensi ya kesho.

Mzee wangu ameacha ubaraza kwa ajili ya miguu, lakini sura za riwaya yangu ananisomea. Juzi amenirudishia ya nne. Nimeweka humo kondakta wa basi la Lushoto, mcheshi, ana maneno mengi, nilimpenda sana. Pembeni, kwa penseli, mzee ameandika: "Huyu naye ulimwona?" Sikumwona, nilimtoa kichwani. Nimezikata kurasa zake zote, na kesho kabla ya kazi nitashuka stendi kumtafuta mwingine.