Mifuko ya saruji na hori tupu

Tumsifu Yesu Kristo wapendwa. Nimepotea hapa muda, majukumu tu, ila Desemba ikikaribia huwa naikumbuka ile Noeli ambayo hatukwenda kwetu Rombo.

Mwaka ule nilipiga hesabu ya nauli, mimi na mama watoto na watoto wawili, nikajumlisha na zawadi za wazee maana huwezi kwenda mikono mitupu, nikaona hapana, tunabaki Dar. Nikajua sikukuu imekufa. Kwetu Krismasi ni kule, ni mbuzi, mbege, ndugu ambao hamjaonana mwaka mzima, na tuseme ukweli tu, kanisani tulikuwa tunakwenda wote tena tumependeza lakini padre akizidisha mahubiri dakika kumi watu wameshaanza kuangalia saa, mawazo yako kwa mbuzi.

Jumuiya yetu, yaani kile kikundi cha Wakatoliki majirani wanaosali pamoja, inasali Jumamosi saa kumi na mbili asubuhi, ile saa ambayo kitanda ndo kinanoga. Mi nilikuwa mwanajumuiya wa daftari, mchango natuma kwa simu, sura hamna. Sasa Jumamosi moja mwanzoni mwa Majilio, zile Dominika nne za kungoja Noeli, nasikia geti linagongwa, mama mwenyekiti huyo, hata hajakaa, "Baba, parokia imetupa sisi kutengeneza pango la Noeli mwaka huu, na wewe naona unajenga hapo nyuma, mifuko ya saruji usitupe. Alafu uje nayo mwenyewe, usimtume mtoto."

Nikaenda nayo. Kwa ambao hawajawahi kutengeneza pango, unaukung'uta ule mfuko mpaka upige chafya, unachana, unaikunjakunja karatasi mikononi kama unafua mpaka ilegee, unapaka uji mzito wa ngano, alafu rangi nyeusi na majivu kidogo juu, ikikauka ni jiwe kabisa. Inachukua muda sana. Na huo muda ndo watu wanaongea, na katekista akawa anatupa vitu ambavyo mi na ukubwa wangu huu sikuwa navijua, kwamba mwaka 1223 Mtakatifu Fransisko wa Asizi pale Greccio alitengeneza hori lenye majani, akaleta ng'ombe na punda wazima kabisa, ili watu waone kwa macho Mungu alizaliwa katika umaskini gani. Kuna baba akauliza na sisi punda tutampata wapi, tukacheka mpaka uji ukamwagika.

Siwapambi wanajumuiya, nasi tuna mambo yetu. Mwaka huo huo kidogo tugombane kwa sababu ya kitenge cha sare, wiki mbili grupu la WhatsApp ni rangi tu, wengine wanasema bei kubwa, wengine wanataka na kilemba. Ikabidi mama mwenyekiti aseme sare hakuna, ile hela ya kitenge mwenye nacho alete mchele na sukari twende kwa bibi.

Bibi ni mgonjwa wa siku nyingi hapo mtaani, huwa anapelekewa Komunyo nyumbani. Tukaenda kusali naye novena siku moja, zile siku tisa kuanzia tarehe 16, chumba kidogo tumebanana wengine wako mlangoni, tukaanza wimbo wa Majilio na kama kawaida yetu ubeti wa pili hatuujui tukawa tunaurukia wa tatu, bibi akatoa sauti kitandani, macho kafumba, akaimba ule wa pili wote peke yake. Tukanyamaza tu. Mi sikumbuki mahubiri yoyote ya mwaka ule ila ule ubeti naujua mpaka leo.

Maaskofu wa AMECEA, ule umoja wa maaskofu Wakatoliki wa Afrika Mashariki, walivyoamua mwaka 1976 kwamba jumuiya ndogondogo ndo ziwe njia kuu ya kichungaji huku kwetu, sijui kama walifikiria mtu kama mimi, ila mimi peke yangu siwezi Majilio bwana. Kuanzia Novemba madukani ni ofa na taa, nyumbani watoto wanataka nguo, kazini stresi za kufunga mwaka, kungoja unangojaje? Jumuiya inakungojesha. Leo zamu yako ya kusoma Neno, kesho kwa bibi, Alhamisi padre anaungamisha na mama mwenyekiti keshapita kukukumbusha, huwezi kusema ulisahau.

Binti yangu wakati huo ana miaka mitano, alikuwa anahesabu mishumaa ya Majilio kanisani, kila Dominika unawashwa mmoja, zambarau, zambarau, akaja ule wa waridi wa Dominika ya tatu akashangilia. Pango likakamilika, Yosefu yupo, Maria, kondoo wawili mmoja sikio limemeguka, hori tupu. Akaniuliza mtoto yuko wapi. Nikamwambia hajazaliwa bado. Akakasirika kweli, kila Jumapili anakwenda kuchungulia.

Mkesha kanisa limejaa mpaka nje, na kwa kuwa Dominika zote za Majilio wimbo wa Utukufu hauimbwi, ule usiku ukianzishwa kengele zinapigwa zote pamoja, vigelegele, mpaka mwili unasisimka. Padre kambeba Mtoto Yesu kwenye kitambaa cheupe, anainama taratibu amlaze kwenye hori, kanisa lote kimya, na binti yangu nimempandisha mabegani ili aone, akapaza sauti, "Baba, ile mifuko yetu!"

Mama mwenyekiti alikuwa benchi la mbele. Hakugeuka, ila mabega yalikuwa yanatikisika kwa kicheko.