Siku moja maishani mwangu: fildi ya utangazaji Kigoma

Nasomea uandishi wa habari Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, mwaka wa pili, na fildi ya mwaka huu, yaani mafunzo ya vitendo kazini, niliiombea nyumbani Kigoma, kwenye redio moja ya hapa mjini. Nawaandikia wadogo zangu wa kidato cha sita, ambao kila tukikutana huniuliza kama ni kweli chuoni tunafundishwa kuongea.

Saa 11 alfajiri. Bodaboda ananishusha kituoni kukiwa bado giza. Fundi mitambo wa zamu ya usiku yupo macho. Msikilizaji hamjui hata kwa jina, lakini mtambo ukizima ni yeye anayekimbia. Nawasha kompyuta, napanga vichwa vya habari vya saa 12.

Saa 12. Dada mtangazaji anasoma, mimi nipo upande wa pili wa kioo namwonyesha muda kwa vidole. Basi.

Saa 2. Kikao cha habari. Mhariri ananipa Kibirizi, mwalo wa wavuvi hapa mjini: bei ya dagaa. Mwaka 2024 uvuvi Ziwa Tanganyika ulisimamishwa kuanzia 15 Mei hadi 15 Agosti ili samaki wapate kuzaliana, kufuatia makubaliano ya nchi zinazolizunguka ziwa: Tanzania, Kongo, Burundi na Zambia. Tangu hapo kila mtu mjini ana jibu lake kuhusu faida ya kulifunga ziwa. "Niletee sauti," mhariri anasema, "maoni yako yaache hapa mezani."

Saa 3. Mwaloni Kibirizi. Kabla ya kumhoji yeyote narekodi sauti ya mazingira: injini za boti zinazopakia abiria, wapagazi, maji yakipiga ubavu wa mitumbwi. Sauti hiyo ndiyo itakayomleta hapa msikilizaji aliyekaa jikoni kwake.

Mama mmoja anageuza dagaa juani.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Kaa upande huu, huko upepo utakula maneno yangu."

Anajua kazi yangu kuliko nilivyotegemea. Namuuliza bei, anasema imepanda. Hapo ningeweza kushukuru na kuondoka na habari yangu, dagaa ghali. Lakini tumefundishwa kwamba jibu la kwanza huzaa swali la pili, kwa hiyo namuuliza kwa nini wiki hii. Ananyoosha kidole juu. Ni mbalamwezi. Wavuvi wanavua usiku kwa taa, na mwezi ukiwa mpevu taa hazivuti dagaa, hivyo wengi hawaingii ziwani. Bei ya leo haihusiani kabisa na kufungwa kwa ziwa. Ningeandika kinyume chake, mji mzima ungenisikia nikipotosha.

Ndipo namuuliza kuhusu ile miezi mitatu yenyewe. Anafikiri, kisha: "Dagaa wameongezeka, siwezi kusema uongo. Ila miezi ile nilikopa, na deni bado nalilipa."

Saa 5. Chumba cha kuhariri. Nimepewa sekunde 20 za sauti yake, na hapa ndipo ninapoipenda taaluma hii kuliko popote. Mawimbi ya sauti yako mbele yangu kwenye kioo. Kati ya "siwezi kusema uongo" na "ila" amevuta pumzi, ufa mwembamba unaotosha kupitisha kisu. Nikikata hapo na kubakiza mwanzo, amekuwa msifiaji wa serikali. Nikibakiza mwisho, amekuwa mlalamikaji. Maneno yote yatakuwa yake, yametoka kinywani mwake, na bado nitakuwa nimemsingizia. Naacha sentensi zote mbili pamoja na pumzi yake, nafasi naipata kwa kufupisha maneno yangu mwenyewe. Kila somo la maadili nililokaa darasani lilikuwa linazungumzia ufa ule.

Kisha naandika maelezo kwa ajili ya sikio. Sentensi fupi, cheo kabla ya jina, tarakimu chache. Msikilizaji hana ukurasa wa kurudi nyuma.

Saa 7 mchana. Habari imekwenda hewani.

Saa 9. Chakula, wali na migebuka, na mazungumzo ya ajira. Kaka mmoja wa hapa ni mwandishi wa kujitegemea, analipwa kwa kila habari inayotumika. Siku isiyo na habari haina hela. Hilo lisemwe wazi kwa anayetaka kuomba chuo. Vilevile Sheria ya Huduma za Habari ya 2016 inataka mwandishi awe na ithibati, yaani kibali rasmi cha kufanya kazi hii, na elimu inaanzia stashahada ya uandishi wa habari. Kipaji cha sauti peke yake hakifungui mlango tena.

Ila milango ni mingi kuliko maiki. Mtu wa darasa letu anaweza kuwa mtayarishaji wa vipindi, mhariri wa sauti, afisa habari wa halmashauri au afisa mawasiliano wa shirika linalohudumia wakimbizi, na mkoa wetu una kambi ya Nyarugusu. Zipo pia idhaa za nje: BBC inatangaza kwa Kiswahili tangu 1957, Ujerumani tangu 1963. Mtangazaji Tido Mhando alianzia Radio Tanzania, akaja kuongoza Idhaa ya Kiswahili ya BBC, kisha TBC, shirika la utangazaji la taifa, na baadaye Azam Media, kampuni binafsi ya televisheni na redio. Nawataka wadogo zangu waione njia ndefu namna hiyo, wasiishie kutamani kusalimia watu hewani.

Saa 12 jioni. Naandika daftari la fildi, msimamizi anasaini. Binamu yangu anapiga simu, yuko kwenye kuchagua kozi. Namwambia ahakikishe ufaulu wa masomo mawili makuu, na kuanzia sasa arekodi watu kwa simu yake, asikilize wanapositasita.

Kesho afisa uvuvi amekubali kuhojiwa. Swali langu la kwanza kwake ni la yule mama: ziwa likifungwa tena, anayeanika dagaa atakula nini?