Siku moja kwenye maabara ya minyoo: nani ndugu wa nani?

Saa 1:30 asubuhi. Vikopo vya choo vinawasili kutoka shuleni. Minyoo ya safura ndiyo hutangulia, maana mayai yake yana ganda jembamba na gliserini ya Kato-Katz (njia ya kuhesabu mayai kwenye slaidi ya choo kwa darubini) huyafifisha: slaidi isomwe ndani ya dakika 30 hadi 60, la sivyo utaandika "hakuna" kwa mtoto aliye nayo. Mayai ya mchango (Ascaris, mnyoo mkubwa wa utumbo) na ya mnyoo mjeledi ni sugu, yanasubiri. Kila slaidi ina miligramu 41.7 za choo, kwa hiyo ukizidisha hesabu kwa 24 unapata mayai kwa gramu.

Darubini inakomea hapo. Yai la Necator americanus na la Ancylostoma duodenale, aina mbili za safura, huwezi kuyatofautisha kwa jicho, hata uwe na uzoefu wa namna gani. Isitoshe, tunasema "minyoo" kana kwamba ni ukoo mmoja. Vinasaba vinasema vingine: mnyoo mjeledi yuko tawi la I la minyoo duara, mchango la III, Strongyloides (mnyoo mwingine wa utumbo) la IV, safura la V. Tawi hilo la V ndilo la Caenorhabditis elegans, kijinyoo cha udongoni kisichomdhuru mtu. Safura iko karibu naye kuliko ilivyo karibu na mnyoo mjeledi wa tumbo lile lile. Tegu si mnyoo duara kabisa.

Saa 3. Kutoa vinasaba. Sampuli iliyohifadhiwa kwenye fomalini siigusi, vinasaba vyake vimeshikamana na kukatika. Ya ethanoli inafaa, ila lazima ioshwe mara mbili kwa bafa (maji ya chumvi maalumu), kwa kuwa ethanoli ikibaki inazuia PCR, yaani hatua ya kunakili kipande cha vinasaba mara nyingi. Miligramu 200 zinaingia kwenye kichupa chenye shanga ndogo ngumu, kisha kinatikiswa kwa nguvu kwenye mashine. Hatua hii wengi huiruka halafu wanalaumu kifurushi cha kemikali za kutolea vinasaba. Ganda la yai la mchango lina kitini (dutu ngumu kama ya ganda la mdudu) na tabaka la mafuta. Bila kulipasua, unachotoa ni hasa vinasaba vya bakteria.

Saa 5. Michango mizima, iliyotoka baada ya albendazole ya miligramu 400. Nakata kipande cha misuli upande wa kichwa. Jike halikatwi karibu na mji wa mimba: mle mna mbegu za dume na mayai yaliyorutubishwa, na utasoma vinasaba vya wazazi wawili ukidhani ni mnyoo mmoja.

Saa 7 mchana. PCR, mizunguko 35. Mchanganyiko unaandaliwa chumba kingine, na kichupa kimoja huwa cha maji matupu. Maji yakionyesha bendi (mstari wa vinasaba kwenye jeli), kundi zima linatupwa, hakuna kubembeleza. Sampuli yenye mayai mengi ikikataa kutoa bendi, mara nyingi chumvi za nyongo zimeibana. Izimue mara 10 urudie. Inashangaza jinsi vinasaba vichache vinavyofanya kazi kuliko vingi vichafu.

Saa 10. Jeli. Kipande cha ITS-1, sehemu ya vinasaba vya kiini cha seli, kilichokatwa kwa kimeng'enya HaeIII hutenganisha muundo wa mchango wa binadamu na ule wa nguruwe. Chotara huonyesha bendi za pande zote mbili. Jeni ya cox1, iliyo kwenye mitokondria (viungo vya seli vinavyotengeneza nishati, vyenye vinasaba vyake), hurithiwa kwa mama peke yake, kwa hiyo anayeitegemea hiyo tu hataona kamwe kwamba baba alitoka ukoo mwingine.

Saa 11 jioni. Kuchora mti wa ukoo, na hapa ndipo majina yanapogoma. Utafiti uliochapishwa mwaka 2020 ulichunguza michango 68 ya watu wa vijiji vya Kenya ambako ufugaji wa nguruwe ni nadra: 63 ilikuwa na mitokondria iliyo karibu zaidi na ya mchango wa nguruwe, na jenomu za kiini (vinasaba vyote vya kiini cha seli) zilikuwa mchanganyiko wa aina zote mbili. Ndiyo maana kwenye daftari safu ya spishi ya mchango inabaki tupu. Tunajaza muundo wa ITS-1 na aina ya cox1, kila kimoja kwenye safu yake.