Chupa mbili za mchanga na somo la nishati tuli

Nafundisha fizikia kidato cha pili. Kanuni ya nishati tuli, yaani nishati ambayo kitu kinakuwa nayo kwa kuinuliwa, wanafunzi wanaikariri bila shida: tungamo (kiasi cha maada, kwa kilo) mara mvutano wa dunia mara kimo. Wape kilo 2 zilizoinuliwa mita 1, watakuandikia jouli 19.6 (jouli ni kipimo cha nishati). Sasa waulize: kama tungamo likiongezeka mara mbili nishati nayo inaongezeka mara mbili, je, kitu kizito kitatangulia kufika chini? Hapo wengi wanajibu ndiyo, tena kwa uhakika.

Maabara yetu haina vifaa vingi, kwa hiyo nilichukua chupa mbili za maji za lita moja na nusu, za aina moja. Moja nilitia mchanga mkavu hadi ikafika kilo 1, nyingine kilo 2. Mizani niliazima dukani. Nikazifunga kamba kitakoni ili zining'inie kifuniko kikiwa chini, kisha nikajaza beseni udongo wa mfinyanzi laini, nikausawazisha.

Kwanza tuliziachia pamoja kutoka mita 1. Zilitua kwa kishindo kimoja. Mwanafunzi mmoja akasema, "Mwalimu, basi nishati zao ni sawa." Kauli hiyo ndiyo niliyokuwa naisubiri. Nikawaambia watazame mashimo. La kilo 2 lilikuwa na kina zaidi, ingawa si mara mbili, kwa sababu mabega ya chupa yanapanuka na udongo unazidi kukaza kadiri inavyozama. Ndiyo maana sikutaka kutegemea kina peke yake.

Njia iliyotuvusha ni hii: kilo 2 tuliiacha mita 1, kilo 1 tukaipandisha mita 2. Kwa hesabu, zote zina jouli 19.6. Tukachomeka kijiti katika kila shimo na kupima kwa rula. Mashimo yalilingana, tofauti haikuzidi unene wa mstari wa rula. Jambo hili si geni: Mholanzi Willem 's Gravesande alidondosha mipira ya shaba kwenye udongo miaka ya 1720 akaona vivyo hivyo.

Uzuri wake ni kwamba chupa hizo hazikufika kwa kasi moja. Ya kilo 2 ilitua kwa takribani mita 4.4 kwa sekunde, ya kilo 1 kwa mita 6.3. Tulirudi ubaoni. Nishati tuli ya juu ndiyo inayogeuka nishati mwendo chini, na tungamo limo pande zote mbili za mlinganyo, kwa hiyo linajifuta. Kasi inabaki kuamuliwa na kimo. Kilo ya pili inaleta nishati yake, lakini nayo inahitaji kusukumwa. Wakati huu sikulazimika kurudia maelezo. Wao wenyewe ndio walioanza kuelezana.

Kwa mwalimu atakayejaribu: shida kubwa ni udongo. Ukikauka hata kidogo kati ya mdondosho mmoja na mwingine, mashimo hayatalingana. Ufinyange upya kila mara, uufunike kwa kitambaa kibichi, na upime kimo kuanzia kwenye kifuniko, si kwenye kitako cha chupa.