Miguu Bado Inasubiri Filimbi

Leo Meru haikuonekana kabisa. Ukungu ulikaa mpaka saa nne asubuhi, na watoto waliingia ukumbini na masweta mawili mawili, mmoja kajifunga kanga ya mama yake juu ya koti. Ndiyo Julai ya Arusha hiyo. Mtu wa Dar ukimwambia anadhani unamtania. Nawafundisha dansi, na ukumbi ni wa kukodi, huku Kaloleni, sakafu ya saruji. Wakifika wote ni 14. Leo wamekuja tisa.

Tuko wiki ya tano ya kuruka na kutua. Hakuna kingine. Unaruka, unatua kwa vidole kwanza, kisigino kinafuata, goti linakunjika, mgongo umesimama. Anayetua kwa kishindo anarudia. Sasa binti mmoja wa miaka 11, yule asiyekaa na neno moyoni, akanyoosha mkono: "Mwalimu, samahani, kwani kucheza tunaanza lini?"

Wenzake wakacheka. Mimi pia nikacheka, ila swali limenifuata mpaka nyumbani, ndiyo maana naandika saa hizi badala ya kulala.

Sisi hatukuliuliza kwa sababu tulichezeshwa kwanza. Kufundishwa kulikuja baadaye, na mengine hayakuja kabisa. Mara yangu ya kwanza kucheza mbele za watu ilikuwa halaiki, nikiwa darasa la nne. Waliosoma shule za msingi enzi zetu wanaijua: mamia ya watoto uwanjani, fulana za rangi moja, mwalimu kasimama juu ya meza na filimbi. Wiki kadhaa za mazoezi, jua la utosi, vumbi mpaka kwenye kope. Filimbi moja mnachuchumaa, ya pili mnanyanyua mikono, ya tatu mnageuka kuwa ua, au bendera, au neno ambalo wewe mwenyewe huwezi kulisoma maana umo ndani yake. Siku yenyewe, Uwanja wa Sheikh Amri Abeid, nilikuwa kipande cha herufi U. Mama alikuwa jukwaani. Mimi hakuniona, lakini U aliiona, akaisimulia mtaa mzima.

Nimecheza kwa malipo miaka 15, na kilichonilisha ni ile U. Pale ndipo nilipojifunza kutazama kwa pembe ya jicho bila kugeuza shingo, kujua wa kulia kwangu yuko umbali gani, kukosea na kuendelea uso ukiwa mkavu. Kwenye hoteli za watalii hicho ndicho wanachokitafuta. Kiongozi wa kikundi anapiga simu saa sita mchana: "Dada, kuna mtu wangu anaumwa, lizombe unaiweza?" Saa mbili usiku uko bustanini na njuga miguuni, na watu ambao hujawahi kufanya nao mazoezi hata mara moja, na mgeni aliyeinamia nyama choma yake hajui lolote. Lizombe ya Wangoni dakika nne, bugobogobo ya Wasukuma na majembe ambayo hayajawahi kugusa udongo, sindimba ya kumalizia, picha na wageni, mnapanda hiace. Sh 15,000, siku nzuri 20,000. Kuna sehemu moja ilifunga msimu na pesa zetu za miezi miwili. Hiyo nimeshasamehe, au tuseme nimechoka kudai.

Lakini mwili uliofunzwa kwa filimbi una deni lake, na mimi nililigundua Bagamoyo. Nilipokwenda kusoma, chuo kilikuwa kimeshaitwa TaSUBa, jina kilichopewa 2007, ingawa wenyeji bado walikiita Chuo cha Sanaa kama kilivyoanza mwaka 1981. Darasani kulikuwa na wenzetu wa Mtwara. Mtoto wa Kimakonde sindimba anaikuta nyumbani, ameiona harusini na jandoni kabla hajajua kuandika jina lake. Sindimba inataka kiuno kiachiwe huku kifua kimetulia, na magoti yamelegea mwanzo mpaka mwisho. Mimi nilikuwa nimenyooka kama nguzo ya umeme. Mwalimu akasimamisha ngoma, akaniuliza mbele ya darasa, "Binti wa Arusha, hii ni sindimba au gwaride?" Jina likanikaa. Mpaka leo kuna watu Bagamoyo wanaonifahamu kwa jina la Gwaride tu.

Kiuno kilikuja, kwa taabu. Kilichokuwa kigumu zaidi ni sikio. Wenzangu mpigaji akibadilisha mdundo kuwaita, walikuwa wameshageuka. Mimi niligeuka baada ya kuwaona wao wamegeuka. Nusu pigo nyuma, kila mara. Mtazamaji haoni. Mpiga ngoma anaona, na mmoja wao, mzee wa watu, alikuwa ananikazia macho mpaka nikaanza kuogopa kumtazama. Ndipo nikaelewa kwamba miaka yote ile sikuwa nacheza na ngoma. Nilikuwa nacheza na jirani.

Baadaye nikaenda usaili Dar, kazi ya dansi ya kisasa, ya kusafiri. Wakanipa dakika mbili: simama katikati, fanya unachotaka, hakuna muziki. Nikasimama. Kabla sijainua hata mkono, jicho langu likaenda kulia. Hapakuwa na mtu. Sina haja ya kusimulia zilizobaki.

Na goti. Hakuna aliyewahi kutuonyesha namna ya kutua, si kwenye halaiki, si kwenye kikundi cha mtaani Ngarenaro ambako tulirukaruka juu ya saruji miaka sita. Tulitua kwa visigino, miguu imenyooka, na kadiri kishindo kilivyokuwa kikubwa ndivyo tulivyopigiwa makofi. Nikiwa na miaka 12 au 13 nilikuwa naumwa chini kidogo ya pia ya goti, nikaambiwa ni kukua tu. Ni kweli, mifupa ya umri ule hurefuka haraka kuliko misuli, kano inabaki inavuta pale ilipojishika. Lakini kwa mtoto anayekua hivyo unapunguza kuruka, humwongezei. Nilipofika 29 daktari akanionyesha picha, akasema gegedu limelika. Siku hizi nikishuka ngazi nashuka upande upande.

Mama mmoja alikuja wiki iliyopita na binti wa miaka 13, akanivuta pembeni. "Mwalimu, mtandaoni wanasema hao wakubwa wanaanza na miaka minne, mitano. Huyu si ameshachelewa?" Nikamwambia habari za Misty Copeland, Mmarekani, aliyeanza baleti na miaka 13, na mwaka 2015 akawa mwanamke wa kwanza mweusi kufika daraja la juu kabisa American Ballet Theatre. Mama akafurahi, akalipa ada ya mwezi palepale. Habari ya sakafu za mbao zinazonesa, ambazo wacheza baleti hufanyia mazoezi, sikumwambia. Angetazama chini.

Basi leo, baada ya lile swali, nikaona nijaribu kitu. Nikawaambia waketi ukutani, nikamwita mwuliza swali. Simama katikati. Dakika mbili, bila ngoma, fanya unachotaka. Akasimama, akageuka kunitazama mimi. Nikampa mgongo, nikawa nasoma tangazo la mikutano ya mtaa lililobandikwa ukutani, ili asipate wa kumtazama. Kimya kirefu. Nikasikia sweta linavuliwa. Halafu viatu vinakwaruza saruji, haraka haraka, halafu wenzake wote wakalipuka kwa kicheko.

Nikageuka. Alikuwa anacheza singeli, bila muziki, macho kafumba, kiuno na mabega kila kimoja na safari yake. Mimi sikuwahi kucheza hivyo siku yoyote ya maisha yangu. Akamalizia kwa kuruka juu, akatua kwa visigino vyote viwili, puu!

Wiki ijayo ni ya sita ya kuruka na kutua.