Povu la sabuni limeniumbua

Leo nimerudia kuchomelea kiungo kimoja cha paipu ya friji mara tatu. Tatu!

Mimi huwa narundika juu madini yanayoyeyuka kutoka kwenye fimbo ya kuchomelea, nikiamini kibonge ndicho imara. Nikajaza gesi ya naitrojeni kupima kama panavuja, nikapaka povu la sabuni...

Kapovu kadogo kakaanza kuvimba taratibu, kama kananicheka.

Fundi mkuu akaja: "Mdogo wangu, piga msasa mpaka kopa (shaba) ing'ae. Halafu pasha paipu, usichome fimbo."

Kumbe nafasi kati ya paipu ya ndani na ya nje inatakiwa kama milimita 0.1 tu. Paipu zikipata moto sawasawa, madini yanavutwa ndani yenyewe. Nimeyaona yakizama kwa macho yangu, jamani!

Kiungo chembamba, wala hakina mbwembwe. Povu likatulia tuli.

Mafundi wenzangu, nyie hili liliwagharimu nini?