Askari hustaafu, nyumba hubaki kambini

Ukifika Uyole ukitokea mjini Mbeya, kabla ya njia panda inayoshuka kwenda Tukuyu, kuna mashine ya kusaga ambako kwa miaka kadhaa nilikuwa nikipeleka mahindi bila kutambua kwamba mlinzi wake hakuwa akilinda tu, bali alikuwa akiishi palepale. Chumba chake kilikuwa stoo ya pumba. Nilikuja kulijua hilo asubuhi moja ya mwezi Julai, katika ile baridi yetu ya kukata masikio, nilipofika kabla mashine haijawashwa na kumkuta anakunja blanketi. Alilikunja mara nne, akazibana kingo zake kwa kiganja mpaka likakaa kama tofali, kisha akaliweka juu ya sanduku la bati la kijani lililoandikwa namba kwa rangi nyeupe ubavuni. Nikamwamkia, "Shikamoo, Afande," kama walivyozoea kumwita wateja wote, wengi wao wakidhani ni utani. Akaitikia, "Marahaba, mwanangu," na nilipomuuliza jina alinitajia kwanza namba ile ya kwenye sanduku.

Alikuwa ameingia jeshini kwa mlango ambao wengi wa rika lake waliuingilia. Majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka mwezi Oktoba 1978 na kuikalia ardhi yetu ya Kagera, mgambo waliitwa kutoka pande zote za nchi, naye alikuwa mgambo wa kijiji kimoja wilayani Rungwe, kijana wa miaka ishirini na mmoja ambaye safari yake ya mbali kabisa ilikuwa imeishia Makambako. Alipita Mutukula, akapita Masaka, na Kampala ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 alikuwamo. Wengi wa mgambo wenzake walirudishwa makwao vita vilipokwisha, lakini yeye alibaki jeshini, akahamishwa Tabora, Ngerengere na Nachingwea, akafika mpaka Msumbiji, na mwishoni mwa miaka ya 1990 akastaafu akiwa sajenti.

Nimetaja vituo hivyo kwa makusudi, kwa sababu kwa maoni yangu ndimo ulimo mzizi wa jambo lenyewe. Watu wakimwona mzee aliyekuwa askari hana pa kulala, haraka husema alikunywa pesa zake. Wapo waliokunywa, na vilabu vya ulanzi vya Iringa na vya komoni huku kwetu vina wazee wa namna hiyo, baadhi yao wakinywa ili usiku uwapitie bila ndoto. Lakini mzee huyu hakuwa mnywaji. Tatizo lake lilianza siku ile ile alipopewa kota ya kwanza. Mwalimu akipangiwa shule na akakaa hapo miaka kumi, hupata kiwanja jirani, akaanza na msingi, akapandisha ukuta kidogo kidogo kila akipata mkopo. Askari huhama kabla hajawajua hata wauza matofali wa mahali alipo, analala katika nyumba ya kambi ambayo haimdai kodi wala haimpi haki yoyote, na kwa kuwa askari wa vyeo vya chini hustaafu mapema kuliko watumishi wengi, siku anaporudisha sare anarudisha na funguo, akiwa bado na watoto wa shule.

Anarudi wapi? Nyumbani, ndivyo sote tunavyojibu. Tatizo ni kwamba nyumbani hakumngojei mtu. Sheria ya Ardhi ya Vijiji ya mwaka 1999 inaruhusu ardhi ya kimila iliyoachwa bila kutumiwa kwa miaka isiyopungua mitano ihesabiwe kuwa imetelekezwa, na mtu aliyekaa juu ya shamba lako kwa miaka kumi na miwili bila wewe kumshtaki anaweza kujikinga na sheria ya ukomo. Ukiacha sheria, kuna bei. Tangu miti ya mbao ienee Mufindi na Njombe, na parachichi lipande thamani kutoka Njombe mpaka Rungwe, lile pori la ukoo ambalo zamani hakuna aliyelitaka limekuwa mali ya kugombaniwa, na kaka aliyebaki kijijini akililima ana hoja nzito kuliko mdogo wake aliyekuwa Nachingwea.

Sajenti wangu alijitahidi kuliko wengi. Alipolipwa kiinua mgongo alimkabidhi kaka yake fedha za kujenga nyumba ya vyumba vitatu juu ya ardhi ya baba yao, na nyumba ikajengwa kweli, yenye bati na sakafu ya saruji, naye akaishi humo na mkewe kwa miaka michache. Hakuna karatasi iliyoandikwa. Mke alifariki, kaka naye akafariki, na watoto wa kaka, waliokuwa wamemwona baba yao akisimamia mafundi, walimweleza kwa heshima zote kwamba nyumba ni ya baba yao. Akaondoka na sanduku lake. Kazi aliyoweza kuipata ni ile anayopewa kila askari mstaafu asiye na mtaji, yaani ulinzi, na kibanda cha mlinzi kikawa makazi yake. Mwenye mali akiuza jengo, mlinzi hupoteza mshahara na kitanda kwa siku moja. Kwake lilikuwa limetokea mara mbili kabla ya kufika Uyole.

Huko Marekani, ambako jambo hili linazungumzwa sana, huwahesabu usiku mmoja wa mwezi Januari kila mwaka, na hesabu ya mwaka 2024 ilikuta wanajeshi wa zamani 32,882 wasio na makazi, wakati mwaka 2010 walikuwa zaidi ya 74,000. Walipunguza idadi hiyo hasa kwa kuwapa hati za kusaidiwa kodi ya nyumba pamoja na mtu wa kuwafuatilia, bila kungoja kwanza mtu aache pombe au apate kazi. Ninalitaja hilo kwa sababu moja tu: mzee wa mashine ya kusaga asingehesabiwa hata kama wangepita Uyole, kwa kuwa usiku alikuwa ndani, chini ya bati, na mchana alikuwa na kazi.

Sasa nikiri kosa langu. Siku ile ya blanketi nilimpiga picha kwa mgongo, nikaituma katika kundi letu la WhatsApp la mtaa nikiwaomba watu wachangie. Zikapatikana blanketi mbili, sukari, sabuni na koti. Alivipokea vyote akiwa amesimama wima, akasema, "Ndaga," yaani asante kwa Kinyakyusa, kisha kwa wiki mbili akawa anaingia stoo kila aliponiona. Kijana mmoja wa mashine ndiye aliyenieleza kwamba mzee alikuwa ameonyeshwa ile picha. Nilikwenda kumwomba radhi. Hakusema amenisamehe. Aliniuliza kama najua kusoma barua za serikali.

Ndani ya sanduku, chini ya nishani moja na picha za wenzake, kulikuwa na mfuko wa sukari wenye hati ya kustaafu, barua za Hazina na kitabu cha benki ambacho panya walikuwa wamekila pembe. Pensheni yake ilikuwa imesimama. Alikuwa amekosa uhakiki wa wastaafu wakati anahama kibanda kimoja kwenda kingine, na ofisi moja aliyokwenda kuuliza ilimtaka alete barua ya mtendaji wa mtaa anakoishi, na mtendaji naye hakuweza kumwandikia kwa sababu stoo ya pumba haina mkazi katika daftari. Ni kisa cha zamani katika nchi hii. Husimuliwa kwamba Ujerumani Magharibi ilipoamua mwaka 1964 kuwalipa askari Waafrika waliokuwa wamebaki wa jeshi la Lettow-Vorbeck, kamanda wa Wajerumani huku kwetu katika Vita Kuu ya Kwanza, wazee walikusanyika Mwanza, wachache sana wakiwa na vyeti, na mlipaji akawapa ufagio mmoja mmoja na kuwaamuru kwa Kijerumani wafanye kwata, hakuna aliyekosea. Maofisa wa kwetu hawakumpa mzee hata ufagio.

Ilituchukua miezi mitano. Mwenye mashine alikubali kuandika kwamba mzee ni mpangaji wake, mwenyekiti wa mtaa akamwandikisha, kitambulisho cha NIDA kikapatikana, na benki ikafungua akaunti iliyolala. Kima cha chini cha pensheni ya Hazina kilikuwa kimepandishwa mwaka 2015 hadi shilingi 100,000 na ushee kwa mwezi, fedha ambayo haikuweza kujenga nyumba lakini kwa Uyole ilitosha chumba cha 30,000. Kilichobaki kumzuia kilikuwa kile kinachowazuia maskini wengi wa mijini: mwenye nyumba alitaka kodi ya miezi sita kwa mkupuo. Shilingi 180,000. Jumuiya ya kanisa la Moravian ilitoa nusu, sisi majirani nusu, na safari hii hapakuwa na picha. Kama kuna mtu anataka kuwasaidia wazee hawa na hajui aanzie wapi, ningemshauri aache kununua blanketi na atafute hizo karatasi na hiyo miezi sita.

Kwa mgambo waliorudishwa baada ya vita bila pensheni, njia ni nyembamba zaidi. Wenye miaka 60 na kuendelea wasio na uwezo wanastahili matibabu bila malipo kwa mujibu wa sera ya taifa, na mpango wa TASAF wa kunusuru kaya maskini unaweza kuwafikia, lakini neno "kaya" lina maana yake: mzee anayelala uani kwa mpwa wake huhesabiwa ndani ya kaya ya mpwa. Anahitaji mtu wa kusimama mkutanoni siku orodha inaposomwa na kumtaja. Na vijana walioko kazini leo ningewaomba wasitume fedha ya ujenzi kwa maneno matupu, hata kwa ndugu wa tumbo moja, bali waandikishe hati miliki ya kimila kwa majina yao na watumie likizo kuonekana shambani wakiwa na jembe.

Mzee amekwishahamia. Mama mwenye nyumba analalamika kwamba kila saa tisa usiku mpangaji wake huamka na kuizunguka nyumba na tochi, akigusa kufuli moja baada ya jingine. Mwezi uliopita nilimpeleka Tukuyu tuulize kuhusu ile nyumba ya vyumba vitatu. Tulielezwa kwamba baraza la kata siku hizi linasuluhisha tu, na kwamba usuluhishi ukishindikana atafungua shauri katika Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Tulikaa kwenye benchi la nje, fomu ikiwa mapajani mwake. Alisoma majina ya wale vijana wawili niliokuwa nimewaandika, akanirudishia kalamu.

"Huyu mdogo," akasema, "nilimbeba mgongoni."

Fomu anayo bado, imo kwenye sanduku.